Silaha Kiunoni, Kibali Nyumbani

Hapa Minnesota, mtu aliyepewa kibali na sherifu wa kaunti yake anaruhusiwa kutembea na bastola chini ya koti. Sheria hiyo hiyo inamtaka, kila anapoibeba, awe pia na kadi ya kibali pamoja na kitambulisho chenye picha, na avitoe askari anapomdai kwa haki. Sasa tumfikirie ndugu ambaye hana doa. Alihudhuria mafunzo, jina lake likachunguzwa, akalipa ada, akapewa kadi ya miaka mitano. Jumapili moja ya Januari, baridi ikiwa ya kukata masikio, anabadili koti kabla ya kutoka. Bastola iko kiunoni kama kawaida. Kadi imebaki mfukoni mwa koti la jana. Je, huyu amevunja sheria, au amesahau tu? Na kama amevunja, amemkosea nani?

Swali hili linaweza kuonekana dogo mno kwa kitabu cha imani. Wapo watakaosema tuwaachie wanasheria. Lakini katika sharika zinazoabudu kwa Kiswahili hapa Marekani wapo washarika wenye vibali, wapo pia wasiotaka hata kusikia bastola ikitajwa chini ya paa la kanisa, na wote wanapiga magoti mbele ya meza moja ya Bwana. Sisi tumeona afadhali tulitazame swali dogo kwa makini kuliko kubishana juu ya lile kubwa mwaka hadi mwaka bila kusikilizana.

Tuanze na sheria yenyewe, maana jibu lake huwashangaza wengi. Ndiyo, kuacha kadi ni kosa, ila ni la daraja la chini kabisa, ambalo hapa Minnesota halihesabiwi hata kuwa jinai. Faini ya mara ya kwanza haizidi dola 25. Bastola haitaifishwi kwa sababu hiyo. Tena mtu akifika mahakamani, au hata ofisini kwa askari aliyemwandikia, akathibitisha kwamba siku ile alikuwa ameruhusiwa kubeba, shauri linafutwa. Ukivuka mto St. Croix kuingia Wisconsin utakuta jambo karibu lile lile: faini isiyozidi dola 25, na mwenye leseni akiionyesha ndani ya saa 48 anaachiliwa faini hiyo. Ukishuka kusini hadi Iowa, tangu Julai 2021 mtu mzima asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha hahitaji kibali chochote ili kuibeba. Ndivyo ilivyo leo katika zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya nchi hii, na Vermont haijapata kudai kibali tangu hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Iowa akiwa hana kosa, akala chakula cha mchana Minnesota akiwa na kosa, na bastola ni ile ile, na moyo ni ule ule.

Tusiidharau busara iliyomo humo. Sheria inakiri kwamba ruhusa si kadi. Ruhusa ilitoka siku sherifu aliporidhika na mtu huyu. Kadi inakuja nyuma yake kama shahidi. Shahidi akichelewa, anasubiriwa, na akifika, shauri linaisha. Sisi Wakristo hatupaswi kuona ugumu kulielewa hilo. Wako kati yetu waliofika nchi hii kupitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma bila karatasi hata moja ya kanisa. Cheti cha ubatizo kiliungua pamoja na nyumba, au kilibaki upande wa pili wa ziwa. Hakuna mchungaji mwenye akili timamu atakayewaambia kwamba ubatizo wao uliungua pia. Tunamtafuta mzazi wa ubatizo, tunamwuliza mtu wa kijijini kwao, tunaandika kitabuni, basi. Maji yalimwagika na Neno lilitamkwa. Karatasi ilifuata.

Hapo ndipo wengi husimama, na wakisimama hapo huanza kuteleza. Husema: kama ruhusa si kadi, basi kadi ni urasimu tu, na kuiacha nyumbani ni kama kusahau miwani. Haki yangu ninayo, askari akitaka aulize kwenye kompyuta yake. Kuna ndugu tunaowaheshimu wanaosema hivyo, nasi tunadhani wamekosea, ingawa si kwa sababu ya zile dola 25.

Wamekosea kwa kudhani kadi iliwekwa kwa ajili yao. Mwenye bastola hahitaji kadi ili ajue kwamba ameruhusiwa, anajua. Kadi ni ya yule mwingine, asiyemjua, anayesimama mbele yake usiku kando ya barabara kuu na kuona kitu kimevimba chini ya koti. Mtu huyo hana njia ya kuuona moyo. Bwana peke yake ndiye autazamaye moyo, Samweli alifundishwa hivyo nyumbani kwa Yese. Sisi wengine tunahitaji kitu cha kutazama.

Torati ina amri moja ambayo haisomwi sana ibadani. Iko Kumbukumbu la Torati 22:8. Mtu akijenga nyumba mpya, anaamriwa azungushe ukuta mdogo juu ya dari, ili mtu asianguke kutoka huko na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari bapa. Watu walilala juu wakati wa joto, walianika kitani juu, walisali juu. Dari haikuwa dhambi. Hakuna aliyekatazwa kuwa nayo. Ila mwenye kuifurahia dari ndiye aliyebebeshwa gharama ya ukuta, na hakuambiwa ajenge kwa sababu yeye ni mzembe au ana nia mbaya. Aliambiwa ajenge kwa sababu mgeni, mtoto, mzee asiyeona vizuri jioni, hao hawajui dari inaishia wapi. Mwenyewe anajua. Ukuta si wa mwenyewe.

Kadi ya kibali tunaiweka katika jamii ya ukuta huo. Ni gharama ndogo anayobeba mwenye hatari kwa ajili ya asiye nayo.

Na bastola iliyofichwa inaongeza deni. Kule tulikotoka, mtu akipita njiani na panga mkononi kila mmoja analiona, na karibu kila mmoja anajua anakwenda shambani. Mmasai akiingia sokoni na rungu lake na sime yake ubavuni, mama muuza nyanya anaona. Akitaka kusogea, atasogea; akitaka kumsalimia, atamsalimia. Silaha iliyo wazi inamwachia jirani nafasi ya kuamua. Silaha iliyofichwa inamnyang'anya nafasi hiyo: aliyeketi benchi moja na ndugu yetu akiimba naye kitabu kimoja hajui, wala hataambiwa. Hatusemi kwamba kuficha ni uovu. Zipo sababu nzuri za kuficha, mojawapo ni kutotia watu hofu. Lakini mtu aliyejipa haki ya kuficha jambo zito namna hiyo anadaiwa awe mwepesi na mwaminifu katika yale ambayo hayajafichwa. Kadi ni mojawapo, na kati ya yote ndiyo nyepesi kuliko zote. Haifiki uzito wa risasi moja.

Atakayesema tunaongeza mzigo ambao Injili haikuweka, asome Mathayo 17, kuanzia mstari wa 24. Watoza ushuru wa hekalu wanamfuata Petro huko Kapernaumu na kumwuliza kama mwalimu wake halipi. Petro anajibu haraka kwamba analipa, halafu anaingia nyumbani, na Yesu anamtangulia kwa swali: wafalme wa dunia huwatoza nani, wana wao au wageni? Wageni, anasema Petro. Basi wana ni huru. Hapo ingetosha. Mwana wa Mwenye hekalu hawezi kudaiwa ushuru wa nyumba ya Baba yake. Haki iko wazi kuliko haki yoyote iliyowahi kuandikwa na bunge. Lakini hadithi haikuishia hapo. Petro anatumwa ziwani na ndoana, achukue samaki wa kwanza, ndani ya kinywa chake ataona shekeli, akailipe kwa ajili ya wawili, ili wale watoza ushuru wasikwazwe.

Tumezoea kulihubiri fungu hili kwa sababu ya samaki. Muujiza unapendeza, watoto wa Shule ya Jumapili wanaupenda. Lakini tazama kile kinachotangulia muujiza. Yesu anakataa kwamba anadaiwa, kisha analipa. Hasemi alipe kwa sababu alikosea juu ya haki yake. Hakurudi nyuma hata neno moja. Analipa kwa sababu wale watu wa Kapernaumu hawamjui yeye ni nani, na kutokujua kwao si kosa ambalo yuko tayari kuwaadhibu nalo. Katika Injili yote hakuna mtu aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kusema "ulizeni kwenye kompyuta yenu," na hakusema.

Martin Luther mwaka 1520 aliandika kijitabu juu ya uhuru wa Mkristo, na wazo lake kuu tunalifundisha kipaimara mpaka leo: Mkristo kwa imani ni bwana huru, hayuko chini ya mtu; na huyo huyo kwa upendo ni mtumishi wa kila mtu. Vijana hulikariri bila shida. Shida huanza wanapouliza ni lini awe bwana na ni lini awe mtumishi. Ndugu mwenye bastola na bila kadi ametupa mfano mzuri wa kuwajibia: ana uhuru wake kamili, na mbele yake kuna jirani ambaye uhuru huo unamtisha. Kumwonyesha kipande cha plastiki hakumpunguzii ubwana hata kidogo.

Tumetaja kipande. Neno hilo haliwezi kupita kimya katika usharika wenye wazee kutoka Kenya.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ya Kenya ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande, chenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi na waajiri wake. Wengi walikitundika shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kama kengele ya mbuzi. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Watoto na wajukuu wa wanaume hao wanaabudu nasi, na tukiwaambia kwamba kutembea na karatasi ni tendo la upendo, wana haki ya kututazama kwa macho makavu. Katika historia yao karatasi haikuwa ukuta wa darini. Ilikuwa kamba.

Tunakubali, na tunaomba itazamwe tofauti moja. Aliyebeba kipande hakuwa na silaha. Aliyekidai ndiye aliyekuwa nayo. Kipande kilimtaka mnyonge ajieleze kwa mwenye nguvu kwa sababu tu alikuwa anatembea katika nchi aliyozaliwa. Kibali cha bastola, kwa asili yake, kinamtaka mwenye nguvu ya kuua ajieleze. Hayo mawili hayafanani, hata kama yote ni karatasi na yote huombwa na askari. Ukuta wa darini umewekwa kwa mwenye dari. Kumdai ukuta mtu asiye na nyumba ni dhuluma.

Na dhuluma hiyo haijaisha, inabidi tuseme. Sheria ya nchi hii inamtaka mgeni mwenye kadi ya ukaazi, akifikisha miaka 18, aibebe kila wakati. Adhabu iliyoandikwa kwa kutoibeba ni faini, au kifungo kisichozidi siku 30, au vyote viwili. Linganisheni. Mtu akisahau kadi ya bastola Minnesota, dola 25 na inaweza kufutwa. Mama yetu anayetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, hana kitu mkobani ila chupa ya uji na Biblia, akisahau kadi yake ya ukaazi, kitabu cha sheria kinamtishia jela. Hatujui namna ya kulielezea jambo hilo kwa mama huyo kwa maneno ya upendo wa jirani, wala hatutajaribu. Kwa washarika wenye kadi ya ukaazi wanaofikiria kununua bastola tunaongeza onyo la kawaida: kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumfanya mtu afukuzwe nchini, kwa hiyo mtu asijifariji na habari za faini ndogo kabla hajazungumza na wakili wa uhamiaji.

Kuna pingamizi zito kuliko la kipande, nalo limetokea karibu nasi. Jioni ya tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, pembeni ya St. Paul, polisi walilisimamisha gari la Philando Castile. Alikuwa na miaka 32, mtu mweusi, mfanyakazi wa chumba cha chakula katika shule ya St. Paul. Alikuwa na kibali halali cha kubeba bastola. Sheria ya Minnesota haimlazimishi mwenye kibali kusema ana silaha mpaka askari amwulize. Yeye alisema bila kuulizwa, kwa sauti ya adabu. Kanda ya video ya gari la polisi imehifadhi sauti hiyo. Sekunde chache baadaye askari alifyatua risasi saba. Ndani ya gari walikuwamo pia mwenzake na mtoto wa kike wa miaka minne. Askari alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Juni 2017 jopo la raia walioapishwa likamwona hana hatia.

Huyu alikuwa amejenga ukuta wake. Alikuwa na ruhusa, na alikuwa muwazi zaidi ya sheria ilivyomtaka. Mtu akituuliza, basi kadi na uwazi vina faida gani, hatuna jibu la kumnyamazisha. Tunachoweza kusema ni kwamba deni la uwazi lina pande mbili. Anayeonyesha anadaiwa kuonyesha. Anayeonyeshwa anadaiwa kutazama. Mtu akishaamua kabla ya dirisha kushushwa kwamba aliye ndani ni hatari, hakuna kadi itakayosomeka. Na tunaona kwamba gharama ya kuwa muwazi haigawanywi sawa. Mzungu wa Edina akisahau kadi yake pengine atarudi nyumbani na hadithi ya kuchekesha. Vijana wetu warefu weusi wanalijua hilo kuliko sisi tunaoandika, na ndiyo sababu wazazi wengi wa usharika wanawakataza wana wao bastola hata pale sheria inaporuhusu. Hatuwalaumu wazazi hao.

Kitabu cha Matendo kinajua pande zote mbili za habari hiyo. Katika sura ya 22 Paulo amefungwa kamba tayari kwa mijeledi huko Yerusalemu, naye anamwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Hana karatasi mkononi. Akida anakwenda kwa jemadari, jemadari anakuja, anauliza swali moja, Paulo anajibu ndiyo, na jemadari anaogopa. Neno la Paulo lilitosha, kwa sababu aliyelisikia alikubali kusikia. Lakini kabla ya hapo, katika sura ya 16, huko Filipi, Paulo yule yule na uraia ule ule alipigwa kwa fimbo hadharani na kutupwa gerezani, na habari ya uraia wake ikajulikana kesho yake, majeraha yakiwa yameshaoshwa. Haki ilikuwa kamili siku zote mbili. Mgongo wake ulipata matokeo mawili tofauti. Na katika Mwanzo 38, Tamari angechomwa moto akiwa na haki yote upande wake, kama asingetunza muhuri wa Yuda, kamba yake na fimbo yake. Alivitunza kwa sababu alijua aina ya watu aliokuwa akiishi nao.

Kwa hiyo tunamwambia ndugu yetu abebe kadi, na tunasema hivyo kwa sababu mbili zisizofanana: kwa ajili ya jirani anayestahili kuona, na kwa ajili yake mwenyewe mbele ya jirani ambaye pengine hataki kuona. Akigundua njiani kwamba kadi haipo, arudi nyumbani. Asiiache bastola kwenye gari maegeshoni mwa kanisa. Gari huvunjwa kioo kwa dakika moja, na silaha ikishaibwa haina tena mwenye kibali. Akichelewa wimbo wa kwanza, Mungu hatamhesabia.

Linabaki suala la mlangoni mwa kanisa, ambalo baraza la wazee halijalimaliza. Tarehe 27 Agosti 2025 mtu alifyatua risasi kupitia madirisha ya kanisa Katoliki la Annunciation, kusini mwa Minneapolis, watoto wa shule wakiwa katika misa. Watoto wawili walikufa, wa miaka 8 na 10. Tangu siku hiyo hakuna Jumapili ambayo hatujamwona mtu akigeuka kutazama mlango. Kuna wanaotukumbusha habari za White Settlement, Texas, tarehe 29 Desemba 2019, ambapo mtu aliyeua washarika wawili wakati wa ibada alipigwa risasi na mlinzi wa kujitolea ndani ya sekunde kama sita. Wengine wanajibu kwamba bastola ya mlangoni haizuii risasi inayopita dirishani, na kwamba usiku wa Gethsemane upanga ulikuwapo, tena Bwana alijua upo, na kazi pekee ulioifanya ilikuwa kukata sikio la mtumwa wa kuhani mkuu, ambalo ilibidi Bwana mwenyewe aliponye. Sheria inatuachia nafasi ya kuchagua. Baada ya sheria ya vibali ya mwaka 2003, makanisa kadhaa, likiwamo la Kilutheri la Edina, yalikwenda mahakamani yakidai yawe huru kukataza silaha kwa njia yao wenyewe, pamoja na maegeshoni, na Mahakama ya Rufani ya Minnesota iliyapa haki hiyo mwaka 2008.

Sisi bado hatujabandika tangazo. Katika mkutano wa mwisho aliyesema la maana zaidi hakuwa upande wa kukataza wala wa kuruhusu. Ni bibi mmoja anayekuja na wajukuu wanne. Alisema askari ana haki ya kuiomba kadi na kuitazama, lakini yeye anayeketi na wale watoto bega kwa bega na mwenye bastola hana haki ya kuuliza lolote, na akiuliza ataonekana mkorofi. Aliomba tu ajue aketi wapi.

Sheria haimdai ndugu yetu amwambie bibi. Tulikaa kimya kidogo, kisha mzee mmoja mwenye kibali akainua mkono, akasema kuanzia Jumapili ijayo yeye atamwambia mzee wa zamu kila anapoingia na silaha, na kadi ataionyesha bila kuombwa, na atakaa safu ya mwisho upande wa kushoto. Wenye vibali wengine wawili walisema watafikiri. Bibi alishukuru, akauliza kama safu za mbele kulia zina joto la kutosha kwa watoto, maana ile redieta ya upande huo ni mbovu tangu Novemba. Mtunza hazina ameahidi kuleta bei ya matengenezo.